Kimya Kile Kilikuwa Chetu

Wanangu mnaofanya kazi ya utangazaji, nawasikiliza. Kila siku nawasikiliza, hata pale mnapodhani sisi wazee tumezima redio tukalala. Nawasikia mkicheka wenyewe kwa wenyewe, mkiongea wote kwa pamoja kama watu wanaogombea ukoko wa sufuria, na sina neno, maana hata mimi nilipokuwa kijana nilikuwa na kelele zangu. Jambo moja tu linanikera, na kusema kweli linanitisha. Mnanyamaza. Mtu anatafuta wimbo kwenye kompyuta yake, haupati, anaguna, halafu redio inakaa kimya. Kisha anarudi na kicheko, eti samahani wasikilizaji, ni mambo ya mitambo, kana kwamba hakuna kilichotokea kwa mtu yeyote.

Ngoja niwaeleze kimya ni kitu gani. Ila mnivumilie, mimi nikianza stori huwa napitia njia ndefu.

Hewani nilijulikana kama Dada Modesta. Nilianzia redio ya taifa, kisha serikali ilipowaruhusu watu binafsi kufungua vituo vyao, nikahamia kituo kimoja kidogo cha Mwanza ambacho sasa hakipo tena. Mimi ni Mjita, na nyinyi mnaotujua mnaelewa shida yangu ilikuwa wapi. Kwetu r na l zinalala kitanda kimoja. Mwalimu wangu wa utangazaji, Mzee Fumbuka, alinikalisha kila asubuhi nirudie sentensi aliyoitunga mwenyewe: Lulu alirarua rula, lori likalala barabarani. Nilirudia mpaka taya zikauma. Hata hivyo msimu wa uchaguzi niliwatangazia watu wajitokeze kwa wingi kupiga kula. Kadi za salamu zilizokuja wiki ile zilikuwa zinaniuliza kama ugali umeshaiva. Wengine walitaka kujua mboga ni nini.

Mzee Fumbuka hakucheka. Alikuwa mtu wa kuogopa, na hofu yake aliifanya kuwa darasa. Alinifundisha kukaa na maikrofoni umbali wa kiganja. Alinifundisha kugeuza karatasi kwa kuiinua, si kuiburuta, na kulisoma tangazo lote kwa macho kabla ya kulisoma kwa mdomo, maana nusu ya tangazo ina hatari kuliko kutotangaza kabisa. Na jina lazima liwe kamili: la mtu, la baba yake, na la mahali anapokaa. Hasa kanda hii yetu, ambako kila nyumba iliyojaliwa mapacha, wa kwanza kutoka ni Kulwa na wa pili ni Doto, wawe wa kike au wa kiume. Ukisimama sokoni Mkuyuni ukaita Kulwa, wanageuka watu kama umeita wauza nyanya.

Fundi mitambo wetu aliitwa Doto. Na jioni ninayotaka kuwasimulia ilimhusu yeye.

Studio ilikuwa vyumba viwili kwenye kilima kinachotazama Kirumba. Dirishani uliona mapaa ya soko la samaki la Mwaloni, boti zimefungwa, na nyuma yake ziwa lote. Mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa wa masafa ya kati, mkuukuu, mwenye kituo aliupata sijui kwa nani, na mlingoti wake ulisimama nyuma ya choo. Runinga tulikuwa tunasikia tu kwamba huko Dar watu wanaiona. Kwetu jioni ilikuwa ya redio. Jua likianza kushuka watu walitoa redio nje, wakaiweka dirishani au juu ya ndoo iliyofunikwa, wakangoja matangazo ya kifamilia: fulani amejifungua salama, fulani arudi nyumbani haraka, msiba uko kwa fulani. Simu zilikuwa za kuhesabika, kwa hiyo sisi ndio tulikuwa simu ya kila mtu. Habari yako ya ndani aliisikia mkoa mzima, na hakuna aliyeona ajabu.

Siku hiyo mawingu yalikuwa yamesimama juu ya ziwa tangu alasiri, meusi, na joto lilikuwa la kubana kifua. Nilikuwa peke yangu na Doto. Kabla ya kipindi cha matangazo simu ililia. Alikuwa mhudumu wa nyumba ya simu ya Nansio, mtu tuliyemzoea, kazi yake kupokea ujumbe wa watu wa kisiwani na kutusomea. Laini ilikuwa inakoroma.

"Modesta, andika," alisema. "Mwambieni Kurwa asipande boti ya jioni..."

Akaongeza maneno ambayo sikuyapata, kisha laini ikakata. Nikabaki nimeshika mkono wa simu, nikiita halo, halo. Kulwa wa nani? Nilipogeuka Doto alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake nikauona umebadilika.

Alinieleza kwa haraka. Pacha wake Kulwa, dada yake, aliyekuwa akiuza mitumba Mkuyuni, jioni ile alikuwa anapanda boti kwenda Nansio kumchukua mama yao. Mama alikuwa anaumwa macho, haoni vizuri, na walipanga aje hospitali Mwanza. Hakuwa na mtu wa kumsindikiza, ndiyo maana Kulwa anamfuata.

Nilimwambia labda ni Kulwa mwingine, wako wengi. Doto akaniangalia.

"Dada Modesta, kama wanasema asiende kumfuata mama," alisema taratibu, "maana yake hakuna tena mtu wa kufuatwa."

Mtu wa kwetu akiambiwa asisafiri bila kuambiwa sababu, akili yake inaenda mahali pamoja tu. Nilijaribu kupiga Nansio, nikasikia mlio wa laini iliyokufa. Nikawaza maneno ya Mzee Fumbuka kuhusu nusu ya tangazo. Na huku saa ya kipindi ilikuwa imefika, na kule chini boti ya jioni ilikuwa inapakia. Nikaona bora nusu kuliko mtu asafiri. Nikawasha maikrofoni nikasoma: Kulwa unayesafiri jioni hii kwenda Nansio, unaombwa usipande boti, ujumbe umetoka Nansio.

Basi tukaanza kupata Kulwa. Alipiga simu Kulwa mmoja wa Nyamagana ambaye hata hakuwa anasafiri, lakini mama mkwe wake alikuwa Nansio na alitaka kujua kama habari inamhusu mkwe huyo. Alikuja Kulwa mwanamume, jasho linamtoka, alikuwa anaenda kupeleka posa na sasa anahofia wamemkataa kupitia redioni. Niliwaambia wote ukweli, kwamba ujumbe haukukamilika. Hakuna aliyefarijika. Mtu ukishamtia hofu, kumwambia kwamba labda hofu si ya kwake hakumsaidii kitu.

Kulwa wa Doto alifika wa mwisho, na alifika amefura. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, na begi lake lilikuwa limelowa matone ya kwanza ya mvua. Alinisalimu shikamoo nusu nusu, maana nilimzidi umri na adabu ilimlazimu, kisha akamgeukia ndugu yake. Ilionekana tangazo alilisikia pale Mwaloni kwenye redio ya mama mmoja muuza sangara, akacheka, akasema Kulwa ni wengi, huyo si mimi, akaweka mguu kwenye boti. Abiria wenzake ndio waliokataa. Walimrushia begi lake ufukweni, wakamwambia asiwaletee mkosi, Kulwa ameitwa na Kulwa akae. Hata hivyo boti yenyewe haikuondoka. Mwenye boti aliangalia mawingu, akafungua injini yake, akawaambia abiria warudi kesho.

"Nani kawaambia mimi nisisafiri?" aliuliza. "Mama ananingoja."

Doto alimshika mkono. Kulwa alipoona hivyo hasira zikamtoka zote, akakaa kwenye kiti cha wageni. Mapacha hawahitaji kuambiana mambo. Mimi niliweka wimbo nikatazama pembeni, maana nilijua wote wawili wanafikiria jeneza.

Mvua ilianza kwa kishindo. Ilipiga bati mpaka sauti yangu mwenyewe siisikii kwenye vipokea sauti vya masikioni. Umeme ukakatika, mji mzima ukawa giza, na Doto akakimbia kuwasha jenereta lililokuwa kwenye kibanda nyuma. Tuliporudi hewani simu ikalia. Ni yule mhudumu wa Nansio. Laini imerudi kidogo tu, alisema, hajui itakaa kwa muda gani. Alitaka kuhakikisha tulipata ujumbe wote.

Nilimwambia tulipata hadi kwenye boti ya jioni.

"Ah. Basi malizia," alisema. "Asipande boti ya jioni kwa sababu mama yake ameshapanda ya mchana. Arikuja hapa mwenyewe, ameshikwa mkono na Bwire mwenye boti. Amesema amechoka kungoja. Wameshafika?"

Niliweka simu chini, sijui hata kama niliaga. Boti ya mchana ilitakiwa iwe imefika muda mrefu, kabla jua halijazama. Nilitazama dirishani. Ziwa halikuwepo. Palikuwa na ukuta wa maji tu, na radi zikiumulika kwa ndani.

Niliwaambia. Ilikuwa lazima niwaambie. Doto alishika ukuta, Kulwa akasimama akaanza kuzunguka chumba kile kidogo, mikono kichwani. Kwa kweli nilitamani habari ya mwanzo ingekuwa ya kweli, kwamba mama amefia kitandani kwake akiwa na majirani. Lilikuwa wazo baya, na nawaambia wazi, hofu ina mawazo ya namna hiyo.

Ghafla Kulwa akaacha kuzunguka.

"Bwire hana dira," alisema. "Bwire anashika njia kwa redio yenu."

Sikumwelewa, akanieleza, na nanyi nawaeleza kwa sababu hakuna atakayewafundisha shuleni. Redio ndogo ya betri ya masafa ya kati, ukiizungusha taratibu mkononi, sauti hukolea na kufifia. Kuna mahali sauti inapotea kabisa. Hapo ubavu mfupi wa redio unakuwa umeuelekea mlingoti wa kituo. Waendesha boti wengine walilijua hilo siku za ukungu: unazungusha redio mpaka mtangazaji anakufa mdomoni, kisha unaelekeza omo, pua ya boti, huko huko ulikomuua. Kulwa alikuwa amesafiri na Bwire mara nyingi, amemwona akifanya hivyo, na huwa anasema kwa utani kwamba anamtafuta Dada Modesta mpaka anyamaze.

Mtaelewa sasa. Mji ulikuwa giza, hakuna taa ya kuonyesha ufukwe, mvua imefunika vilima vyote. Bwire alikuwa na kitu kimoja tu cha kumwonyesha Mwanza iko wapi, na kitu hicho nilikuwa mimi.

Doto aliniambia nisiweke muziki. Muziki una mahali pa kushuka, wimbo unafika mahali gitaa linabaki peke yake kwa mbali, na mtu aliye kwenye mawimbi anaweza kudhani ndiyo njia. Alitaka sauti ya mtu, ya namna moja, isiyopanda wala kushuka, isiyokatika. Kisha akaenda kukaa na jenereta lake.

Nikaanza kuongea. Nilimwambia Bwire kwamba tunajua yuko majini, kwamba nitaongea bila kuacha, achukue redio yake atafute njia. Nilimwambia mama kwamba watoto wake wote wawili wako hapa nilipo. Niliwaomba watu wa Mwaloni wenye taa za karabai waziwashe wazisogeze kwenye maji, na kama nilivyosikia baadaye, walizitoa, wauza dagaa wakazifunika kwa miili yao zisizimwe na upepo. Baada ya hapo maneno yaliniishia. Ninyi mnajisifu kuongea, lakini jaribuni kuongea kwa sababu mkinyamaza mtu atakufa. Ulimi unakuwa mzito kama umeng'atwa na nyuki.

Nilisoma kadi za salamu za wiki iliyopita. Nilisoma maandishi kwenye kopo la rangi lililokuwa chini ya meza, namna ya kuchanganya na jinsi ya kukausha. Nilitaja vituo vyote boti inavyopita. Nilieleza jinsi mama yangu anavyopika sato wa nyanya chungu, kisha nikaeleza tena, na Kulwa akawa ananinong'oneza kwamba nimesahau chumvi. Nilisali Baba Yetu kwa Kiswahili na kwa Kijita. Kila radi ilipopiga ilitoa mlio mkali kwenye vipokea sauti na mimi nilipandisha sauti juu yake, maana niliogopa Bwire atanipoteza.

Katikati ya hayo meneja alipiga simu kutoka nyumbani kwake. Ilikuwa saa ya kuungana na redio ya taifa kwa taarifa ya habari, jambo ambalo kituo kama chetu hakikuruhusiwa kuliruka. Kulwa ndiye aliyepokea. Alimweleza kwa maneno machache, halafu akanionyesha kwa mkono niendelee. Baadaye nikajua alichosema meneja: mwambie asisimame, kujieleza tutajieleza kesho. Alikuwa mtu mwoga sana wa barua za wakubwa, na siku ile hofu yake aliiweka pembeni. Sijawahi kumsahau kwa hilo.

Sijui niliongea kwa muda gani. Nilikuwa nimefika kwenye salamu za watu wa Sengerema pale taa zilipofifia, zikarudi, zikafifia tena. Nje jenereta lilikohoa. Nikaendelea kusoma huku nikiangalia mshale kwenye meza ya mitambo unavyolala. Kisha kila kitu kikazimika, na sauti yangu ikabaki ndani ya chumba.

Tulisikia mvua. Mimi na Kulwa hatukuonana, giza lilikuwa la kutia kidole jichoni. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake aliongea kwa sauti ndogo sana, karibu na sikio langu.

"Dada, amesikia umenyamaza," alisema. "Sasa anadhani ameshapata njia."

Wanangu, nimezika wazazi, nimezika mume, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kwa maneno hayo. Mpaka pale nilikuwa naona kimya chetu ni upungufu tu, ni msaada uliokoma. Sikuwa nimefikiria kwamba kimya nacho kinatangaza. Huko majini kulikuwa na mtu anazungusha redio kwa mkono uliolowa, akisubiri mahali sauti itakapokufa, na sauti ilikuwa imekufa. Popote redio yake ilipokuwa imeelekea wakati ule, ndiko alikokuwa anageuza boti. Kila dakika ya giza letu alikuwa anaifuata kwa imani yote.

Nilishika njia kwa kupapasa, nikatoka nje. Doto alikuwa amepiga magoti kibandani, amevua shati, amelifunika jenereta kwa mgongo wake. Maji yalikuwa yameingia kwenye plagi. Aliikausha kwa kifua cha shati, akairudisha, akavuta kamba. Halikuwaka. Akaitoa tena. Alikuwa analia na anafanya kazi, vyote pamoja. Nilimshikia tochi yake. Alivuta, likakohoa. Alivuta tena, likashika.

Nilikimbia nikajikwaa mlangoni, nikafika kwenye maikrofoni na damu kwenye goti. Nilingoja mitambo ipate moto, kungoja kubaya kuliko kote, mpaka mshale ukainuka. Hapo sikukumbuka kiganja cha Mzee Fumbuka wala Lulu na rula yake. Nilisema hivi, na nayakumbuka maneno yangu kwa sababu watu wa ziwani walikuja kunirudishia miaka mingi baadaye:

"Bwire, kimya kile kilikuwa chetu. Sicho cha redio yako. Si njia, usikifuate. Zungusha redio upya, uanze mwanzo. Mimi bado naongea, Bwire. Zungusha upya."

Nililirudia hilo tu. Sikurudi kwenye sato wala kwenye kopo la rangi. Nilisema kimya kilikuwa chetu, zungusha upya, mpaka koo likawaka moto. Koo liliponikauka Kulwa alisogea akachukua nafasi yangu, sauti yake nene inamwita Bwire kama anavyoita wateja wa mitumba, nami nikamshika bega asiache. Mvua ilipungua bila sisi kugundua. Doto ndiye aliyetushtua. Alikuwa amesimama dirishani, na kule chini, kwenye mstari wa karabai za Mwaloni, taa zilikuwa zimeanza kukimbilia sehemu moja.

Hatukushuka. Sikuthubutu kunyamaza, na Doto hakuthubutu kuliacha jenereta. Tulingoja hivyo hivyo, tukiongea na mtu ambaye huenda alikuwa ameshafika, au huenda waliokimbiliwa ni wengine, au ni mbao tu za boti. Kila nilipovuta pumzi nilisikiliza hatua nje.

Walipanda kilima wakiwa kundi. Mbele alikuwa Bwire, amelowa chapachapa, redio yake kwapani kama kitabu cha sala. Amemshika mkono bibi mmoja mfupi aliyejifunga kitenge kilicholowa, akikanyaga kwa uangalifu. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba, kisha akapapasa hewani mpaka akakuta uso wa Kulwa, akaushika, halafu akanyoosha mkono mwingine akakuta wa Doto.

"Nilisema Kulwa asije, nakuja mwenyewe," alisema. "Mlishindwa nini kumalizia tangazo?"

Tulicheka mpaka Doto akakaa chini. Bwire hakucheka. Alisubiri tumalize, ndipo akaniambia. Tuliponyamaza, alisema, alishukuru Mungu. Alisema kwa sauti, njia hii hapa, akageuza boti, na abiria wakapiga makofi. Wakaenda kwa nguvu zote za injini. Aliposikia nasema kimya kilikuwa chetu alizima injini palepale, bila kuuliza, na radi iliyofuata ilipomulika aliyaona mawe yamesimama kwenye maji mbele ya omo, karibu kiasi kwamba abiria mmoja aliyasukuma kwa kasia.

Doto alihama siku nyingi, na mama yao alishafariki, kwa ugonjwa wa uzee, kitandani kwake. Kulwa bado yupo Mkuyuni na bado ananidai chumvi kwenye sato. Mimi nimestaafu. Redio yangu ipo jikoni, na ninyi mnanisindikiza ninapopika. Najua waendesha boti siku hizi wana simu zenye ramani, na masafa yenu hayazungushwi mkononi na mtu. Najua hayo yote. Lakini kila mmoja wenu anapotafuta wimbo wake na redio ikakaa kimya, mimi naacha sufuria, nageuka upande wa ziwa, na nasimama hivyo hivyo na mwiko mkononi mpaka aseme neno.